Barua ya wazi kwa Spika wa Bunge letu la Kaunti: tupeni karatasi mnazosoma

Mheshimiwa Spika,

Mlango wa bunge lako uko wazi, na juu ya mlango sina malalamiko. Askari wa langoni huandika jina na nambari ya kitambulisho, humkumbusha mtu azime simu, kisha humwonyesha ngazi za kupandia hadi viti vya wananchi. Siwa, rungu la mamlaka ya bunge, huletwa, sala husomwa, kikao huanza. Kuanzia hapo aliyeketi juu na aliyeketi chini hawako tena katika kikao kimoja. Wa chini ana karatasi. Wa juu ana masikio tu.

Chukua alasiri ile ya bajeti ya ziada, yaani ile inayoletwa katikati ya mwaka kubadilisha bajeti iliyokwisha kupitishwa. Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti alisimama akaomba ripoti ya kamati yake ipitishwe kama ilivyo kwenye jedwali lililoambatishwa, pamoja na marekebisho ya ukurasa fulani. Mwenzake akaunga mkono. Wachache wakachangia: mmoja alilia na barabara ya wadi yake, mwingine akampongeza mwenyekiti kwa kazi nzuri, wa tatu akakatizwa kwa hoja ya nidhamu na hakurejea kwenye alichokuwa akisema. Ukauliza swali. "Ndiyo" zikavuma, "la" zikasikika kwa mbali, ukatangaza kwamba ndiyo zimeshinda. Pesa za kaunti zikawa zimehamishwa. Zilitoka wapi na zikaenda wapi, sisi wa juu hatukuambiwa. Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu alitaka kujua kama zahanati ya kwao imeguswa. Nani angemjibu? Jedwali lilikuwa mikononi mwa waheshimiwa peke yao.

Hakuna aliyetufukuza siku hiyo. Hilo ndilo linalofanya jambo hili liwe gumu kulilalamikia, maana ukienda ofisini kwako utaambiwa, na ni kweli, kwamba kikao kilikuwa cha hadhara. Lakini Kifungu cha 196 cha Katiba ya Kenya kina sehemu mbili. Ya kwanza inaliagiza bunge la kaunti liendeshe shughuli zake kwa uwazi na lifanye vikao vyake, na vya kamati zake, mbele ya umma. Ya pili inaliagiza liwawezeshe wananchi kushiriki katika kazi ya kutunga sheria na shughuli nyingine za bunge. Kuwezesha si kutozuia. Mtu aliyeruhusiwa kusikiliza majina ya kurasa asizoziona hajawezeshwa kitu. Kifungu hicho hicho kinasema umma na wanahabari hawawezi kuondolewa kikaoni ila katika hali ya kipekee, na anayepima kama sababu inatosha ni Spika. Ndiyo maana barua hii imekuja kwako, haikwenda kwa gavana.

Nitakaa kidogo kwenye bajeti, kwa sababu ndiko wananchi wanakoumia bila kujua ni nani aliyewaumiza.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, waziri wa fedha wa kaunti huwasilisha makadirio bungeni kufikia Aprili 30, nanyi mnatakiwa muwe mmeyaidhinisha kufikia Juni 30, kabla mwaka wa fedha haujaanza. Ni miezi miwili. Katika miezi hiyo bunge lina ruhusa ya kubadilisha makadirio, lakini kwa sharti moja ambalo wananchi wengi hawajawahi kulisikia: mkiongeza pesa mahali, lazima mpunguze mahali pengine ili hesabu ilingane. Kwa hiyo kila mara mwakilishi wa wadi anaporudi nyumbani na kutangaza kwamba amepigania kisima kikapatikana, pana mtu mwingine ambaye chake kimekatwa. Huyo hatangaziwi na mtu. Jina la mradi wake liko kwenye jedwali, upande wa kulia, na tarakimu iliyowekwa kwenye mabano, alama ya kilichopunguzwa.

Ukurasa huo ndio tunaoutaka. Hotuba ya waziri tunaisikia redioni, na kijitabu chenye picha ya gavana tunakiona kila mahali. Tunachokosa ni ukurasa wa aliyepunguziwa.

Bajeti ya ziada ni mbaya zaidi, na sidhani waheshimiwa wote wanalitambua hili. Sheria inairuhusu serikali ya kaunti, kukitokea hitaji ambalo halikutarajiwa au pesa zilizotengwa zisipotosha, itumie fedha ambazo bunge halijaidhinisha, mradi zisizidi asilimia 10 ya bajeti iliyopitishwa mwaka huo, kisha ije kuomba idhini ndani ya miezi miwili tangu pesa za kwanza zitolewe. Maana yake ni kwamba mnapoulizwa "ndiyo au la", huenda pesa zimeshakwenda. Kura hapo haiwezi kuzirudisha kwa urahisi. Kinachobaki mkononi mwa mwananchi ni kuona zilitumika kwa nini, na kuuliza. Bila karatasi hata hilo hana.

Wanaolijua bunge watasema nimekwenda mahali pasipo, kwamba kikao cha alasiri ni muhuri tu na kazi yenyewe hufanyika kwenye kamati. Sawa. Basi tuzungumzie kamati. Katiba inapozitaja imezitaja waziwazi: vikao vyake navyo ni vya umma. Lakini ripoti nzito za kaunti hii zina desturi ya kukamilishwa kwenye hoteli za ufuoni, katika kaunti nyingine kabisa, mahali ambapo mwananchi akifika ataulizwa na mlinzi kama ameweka chumba. Sitaki kuingia kwenye marupurupu ya safari hizo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anaifanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi. Nauliza swali moja tu: mama mboga anayepinga ada mpya ya kibanda atafika vipi kuisikiliza kamati inayoijadili ada hiyo akiwa safari ya usiku kucha mbali nayo? Chumba cha kamati kipo hapa kwetu, kina viti na umeme. Kitumieni.

Mahakama zimelizungumzia jambo hili. Aprili 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, sheria ya kuweka ada na kodi za kaunti, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyostahili, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Jaji hakuona kwamba inatosha kuweka tangazo mahali fulani na kungoja watu waje. Alitaka bunge liende waliko watu: makanisani, misikitini, kwenye mahekalu, kwenye mabaraza, kwenye redio za taifa na za lugha za mama. Bunge letu liliupokea uamuzi ule kwa namna yake. Sasa tunaitwa kwenye ukumbi mjini, tunatia saini kwenye orodha, tunapewa soda na nauli, na afisa mmoja anatusomea vichwa vya mswada ambao nakala yake ni moja, nayo anaishika yeye. Orodha ya saini inaambatishwa kwenye ripoti kuthibitisha kwamba tulishiriki. Nimeiona saini yangu ikitumika hivyo na sikuipenda.

Najua majibu yatakayotolewa, maana nimeyasikia kwa maafisa wako, tena kwa upole.

La kwanza ni pesa. Kupiga chapa ripoti ya kurasa mia mbili kwa ajili ya kila mtu ni gharama. Hakuna aliyeomba hivyo. Ripoti imeandikwa kwenye kompyuta, na faili ile ile inayotumwa kwa waheshimiwa inaweza kuwekwa kwenye tovuti ya bunge dakika hiyo hiyo. Tovuti ipo. Kwa sasa ina picha nyingi za ziara na Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni, iliyokoma miezi mingi iliyopita. Kwa wasio na intaneti, kila wadi ina ofisi ya msimamizi wa wadi, inayolipiwa na kaunti. Nakala moja pale, imefungwa kwa kamba kwenye meza ili isitembee, inatosha kwa wadi nzima. Watu watakuja kuisoma, na wasiojua kusoma watasomewa. Vijana waliomaliza shule na hawana kazi hawajapungua vijijini.

La pili ni kwamba hati bado haijawa ya mwisho. Hilo halinikai akilini. Hati iliyowekwa mezani mwa bunge imetoka mikononi mwa kamati na ni mali ya bunge, na bunge linakaa hadharani. Kama inafaa kujadiliwa na waheshimiwa leo, inafaa kusomwa na mimi leo. Nikiisoma baada ya kura nitakuwa nimeisoma kama habari za jana.

La tatu linaumiza kidogo: kwamba wananchi hawasomi. Mheshimiwa, watu wa kaunti hii wanasoma hati miliki za mashamba zenye Kiingereza kigumu kuliko cha ripoti zenu, wanasoma risiti za ada za soko kwa makini mno, na wakiona tarakimu imeongezwa wanajua. Wanasoma kinachowahusu. Ila hapo pana ukweli wa nusu ambao naukubali: Kiingereza cha ripoti kinawafungia wengi nje. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na Bunge la Taifa lina Kanuni za Kudumu za Kiswahili, kwa hiyo hatuombi lisilowahi kufanyika. Hatuombi pia kila ripoti itafsiriwe yote. Kurasa mbili za Kiswahili mwanzoni mwa ripoti zingefaa, zikitaja kilichopendekezwa, nani ameongezewa, nani amepunguziwa na kwa sababu gani. Mwenyekiti wa kamati asiyeweza kuyasema hayo kwa kurasa mbili pengine hajaielewa ripoti yake.

Kuna suala la kura pia, nalo nitalipita upesi. Kura ya sauti ni rahisi na inaokoa muda, na kwa hoja za rambirambi na pongezi sina neno. Kwa mambo ya pesa haifai. Sauti haina jina. Mwakilishi wangu ananiambia alipinga. Mwenzake wa wadi jirani anasema wote waliunga mkono. Hansadi, ikitoka, itasema tu kwamba hoja ilipitishwa. Kwa bajeti, bajeti ya ziada na Mswada wa Fedha, kura zihesabiwe kwa majina na orodha itolewe siku hiyo hiyo. Agosti 2027 tunaenda tena kwenye masanduku na tungependa kuwa na kumbukumbu iliyo bora kuliko uvumi wa mtaani.

Nisingependa barua hii isomwe kama vita dhidi ya bunge. Naliamini bunge la kaunti, pengine kuliko baadhi ya walio ndani yake. Kabla ya 2013 hospitali, barabara ya kwenda sokoni na shule za chekechea ziliamuliwa na watu ambao tusingeweza kuwafikia hata kwa barua. Leo zinaamuliwa kwenye jengo ambalo naweza kufika kwa matatu moja, na watu ambao nakutana nao kwenye mazishi. Ni jambo kubwa. Linapotea pale ninaporudi kutoka kwenye jengo hilo nikiwa sijui zaidi ya aliyebaki nyumbani.

Kuanza si kazi kubwa. Orodha ya shughuli itoke angalau siku mbili kabla ya kikao, ikiwa na viungo vya hati zote zitakazojadiliwa. Nakala kadhaa ziwe kwenye viti vya wananchi wakati kikao kinaendelea, tuzirudishe tukitoka. Mwenyekiti anapotaja jedwali, mwelekeze alisome mistari yake mikubwa kwa sauti. Una mamlaka ya kumwelekeza, na dakika tano hazitalichelewesha bunge ambalo mara nyingi huanza kwa kungoja akidi, idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kianze.

Wakati huo huo nimepeleka kwa Karani wa Bunge ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Nimeliandika kwa Kiswahili kama sheria hiyo inavyoruhusu. Naomba ripoti kamili ya bajeti ya ziada pamoja na majedwali yake yote, Hansadi ya kikao kilichoipitisha, na kumbukumbu za vikao vya kamati vilivyoiandaa, vikiwemo vile vya hotelini. Sheria inampa Karani siku 21 za kujibu. Gharama ya kunakili nitalipa.

Yule mzee anatoka upande wa juu wa kaunti, na nimemwahidi kwamba jedwali likipatikana nitampelekea ukurasa wenye zahanati yao.

Wako mwaminifu,
Mkazi na mlipa ada wa kaunti hii
Nakala: Karani wa Bunge, Mwenyekiti, Kamati ya Bajeti