Skrini pana hazikuletwa na macho yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nipinge dai linalorudiwa mara kwa mara, kwamba skrini pana zilizifuta zile za umbo la karibu mraba kwa sababu macho ya binadamu yamekaa ubavu kwa ubavu. Ni kweli tunaona zaidi pembeni kuliko juu na chini, ila hilo silo lililoamua.

Uwiano wa 4 kwa 3, yaani upana kwa kimo, ulianzia kwenye filamu za maabara ya Thomas Edison mwishoni mwa karne ya 19, na televisheni ikaurithi. Televisheni ilipowapunguzia watazamaji, wenye sinema wa Marekani walijibu katika miaka ya 1950 kwa picha pana, ambazo runinga haikuweza kuzionyesha bila kuzikata pembeni au kuziwekea mikanda myeusi juu na chini. Uwiano wa 16 kwa 9, uliopendekezwa na mhandisi Kerns Powers katika miaka ya 1980, ulikuwa suluhu ya kati: picha za maumbo yote mawili zingeenea humo bila kupoteza nafasi nyingi mno.

Kompyuta hazikuwa na ugomvi huo. Zilivutwa na viwanda, ambavyo hukata skrini nyingi kutoka bamba moja kubwa la kioo na hupunguza gharama pale runinga na kompyuta zinapotumia umbo moja. Kinachoniudhi ni kipimo chenyewe. Skrini huuzwa kwa urefu wa kutoka pembe hadi pembe, kwa hiyo ya inchi 20 yenye uwiano wa 4 kwa 3 ina upana wa inchi 16 na kimo cha 12, yaani inchi 192 za mraba, ilhali ya 16 kwa 9, inayotangazwa kuwa ya inchi 20 vilevile, haifiki 172. Mnunuzi amepunjwa zaidi ya sehemu ya kumi ya kioo, na hakuna palipoandikwa.

Anayetazama filamu hadhuriki. Anayesoma na kuandika ndiye anayeumia, kwa kuwa maandishi hushuka chini na kimo ndicho kilichopunguzwa. Si ajabu kwamba kompyuta mpakato kadhaa za miaka ya karibuni zimerejea kwenye 16 kwa 10 na hata 3 kwa 2.

Nawaomba wauzaji waandike upana na kimo cha kila skrini kando ya inchi hizo za pembe hadi pembe.

Msomaji wako