Visawe vya Kiingereza: mtoto aonyeshwe tendo, asipewe orodha ya kumeza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni toka mwezi wa kumi mwaka jana, na kila nikipita kwenye stationari moja karibu na stendi ya Msamvu naliona tena. Zile karatasi za fotokopi zimebanwa pini kwenye kona, shilingi mia tano, juu imeandikwa Synonyms of Verbs, Form One Interview, yaani visawe vya vitenzi, maneno yenye maana moja, kwa ajili ya intavyuu ya fomu wani, na wazazi wananunua kama nilivyonunua mimi.

Mimi nauza chakula hapa Morogoro. Binti yangu kamaliza la saba shule ya serikali, yaani masomo yote kafundishwa kwa Kiswahili kasoro Kiingereza chenyewe, na mtihani wa taifa wa mwezi wa tisa kaufanya hivyohivyo, pepa zote Kiswahili isipokuwa moja. Sasa ukitaka kumpeleka sekondari ya binafsi kuna intavyuu, na kule tulikoenda sisi ilikuwa Hisabati na Kiingereza, na hizo Hisabati nazo zimeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyetoka inglishi midiamu anakaa pembeni yake na wanajibu karatasi ileile. Silalamikii hilo, kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza ukiondoa Kiswahili, kwa hiyo lazima ajue. Ninachotaka kusema ni jinsi tunavyowaandaa.

Tulimpeleka tuisheni wiki tano, kila jioni. Wanapewa vitenzi ishirini na visawe vyake, kesho yake wanaulizwa. Look, watch, stare, glance, gaze, peep, vyote kwenye mstari mmoja na alama ya sawasawa katikati. Mtoto anameza. Usiku namsikia kitandani anaimba peke yake, walk sawa na stroll sawa na march sawa na limp sawa na stagger, na mimi huku naosha masufuria nafurahi kweli, nasema hela yangu haijapotea.

Intavyuu ya kwanza akafeli. Tulivyorudi nikamwambia kaa hapa niandikie maswali yote unayoyakumbuka. Moja lilikuwa na sentensi ya mama mwenye haraka, She ... at her watch and ran to the bus, uchague kati ya stared, glanced na gazed. Yeye kachagua stared. Nikamuuliza kwa nini, akanijibu mama, kwani zote si ni sawa, nikachukua ya kwanza.

Nilitaka kugomba nikashindwa, maana kweli hakukosea kwa jinsi alivyofundishwa. Karatasi ndo ilimwambia zote ni sawa, ticha wa tuisheni naye akamwambia wewe kariri tu.

Kiingereza changu ni cha fomu foo ya zamani, nikaona niende kwa jirani yetu, mzee wetu mmoja mwalimu mstaafu. Nikampigia hodi, shikamoo mwalimu, nikamweleza. Hakufungua hata kitabu. Akamwita binti akamwambia tupia jicho ile saa ya ukutani halafu niangalie mimi haraka, akafanya, akamwambia hiyo ndo glance. Sasa nikodolee macho kama umeona jini. Hiyo stare. Sasa nenda nje uchungulie hapa ndani kupitia upenyo wa pazia. Hiyo peep. Gaze akamwambia ni kama mtu anavyoangalia milima ya Uluguru jioni, macho yametulia hana haraka. Dakika tano. Wiki tano za tuisheni hazikumpa hicho kitu.

Mimi nilibaki nimeshika mlango. Kumbe mtoto hayo yote anayajua! Nani Morogoro hii hajui tofauti ya kukodoa na kuchungulia? Kuchechemea anajua, kupepesuka anajua, kunyata anajua, kuzurura ndo kabisa. Utajiri wote huo wa vitenzi anao kichwani toka ana miaka minne, ila hakuna aliyemwambia kwamba limp ndo kuchechemea na stagger ndo kupepesuka, aliambiwa zote ni walk basi.

Basi toka siku hiyo tukaanza jikoni, saa kumi na moja alfajiri kabla wateja hawajaja. Akimenya viazi anasema peel, mchicha anakatakata ni chop, mimi nachanja kuni ni split, nazi tunakuna ni grate, tui tunachuja ni strain. Hapo kote karatasi ingemwandikia cut na cook ikaishia hapo. Tulipofika kusonga ugali tukatafuta tukakosa, mwalimu alivyopita kunywa chai tukamuuliza akasema Waingereza hawasongi ugali, hapo utasema stir halafu ueleze kwamba unakoroga kwa nguvu mpaka unakaza. Binti akauliza kwa hiyo kuna maneno hayana mwenzake? Akaambiwa yapo mengi tu, hata huku kwetu.

Wateja nao wakawa somo bila kujua. Kijana wa bodaboda anayebugia wali maana kuna abiria anamsubiri, gobble. Dada wa saluni anayedonoadonoa chapati, nibble. Mtoto anayeguguna mfupa, gnaw. Mimi ninayeonja mchuzi, taste. Vyote ni kula ndiyo, lakini ukimwambia bodaboda kwamba anadonoa atakushangaa.

Kuna kitu kingine wazazi wenzangu naomba tukiangalie. Neno moja linafanya kazi nyingi, na kisawe chake kinabadilika kila kazi. Chukua piga letu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki. Mtu akikuambia piga ni sawa na chapa, je utaenda kuchapa deki? Kiingereza nacho hivyohivyo. Draw ukiwa na penseli ni kuchora, ukiwa na ndoo kisimani ni kuteka, ukikuta pazia ni kuvuta. Kwa hiyo mtoto akiulizwa kisawe cha draw bila sentensi mimi naona hata anayeuliza hajui anauliza nini. Na kuna heshima ya neno pia, binti alicheka sana nilipomwambia kuku wa jirani amefariki, akasema mama kuku anakufa bwana, nikamwambia ndo hivo, die na pass away wanaziweka mstari mmoja lakini pass away ni ya binadamu.

Tena ukibadilisha kitenzi na majirani zake wanabadilika. Arrive at school ni sahihi, ila ukiweka reach ile at inaondoka, na watoto wetu wengi wanaandika reached at school kwa sababu kwenye Kiswahili tumefika shuleni kale ka-ni kapo, sasa mtoto anatafuta pa kukaweka. Ask for help, lakini request help bila for. Started ukiigeuza begin inakuwa began, binti yangu aliandika beginned mara tatu kwenye daftari moja. Ile karatasi ya mia tano haina hata kimoja cha hivi, ni orodha na alama ya sawasawa kuanzia juu mpaka chini.

Intavyuu ya pili, shule nyingine, akapita na mwezi wa kwanza akaanza fomu wani. Sitaki kusema ni jikoni peke yake kumempitisha, Hisabati zake zilikuwa nzuri toka mwanzo. Ila safari hii alivyotoka nilimuuliza maswali ya vitenzi, na kila jibu alilochagua alinipa sababu, akinionyesha kwa mikono palepale getini watu wanatuangalia.

Mnaofundisha tuisheni nawaheshimu, najua darasa lina watoto hamsini na mzazi anataka kuona daftari limejaa. Lakini vitenzi vitano kwa siku vilivyochezwa mbele ya darasa na kutungiwa sentensi ni bora kuliko ishirini vya kumeza. Mnaotengeneza zile karatasi, ondoeni hizo alama za sawasawa, pembeni ya kila neno andikeni Kiswahili chake halisi na sentensi moja fupi, karatasi ikiwa ndefu uzeni hata elfu moja tutanunua.

Na kwako Mhariri, gazeti lako linasomwa hapa kibandani kwangu kila siku na watu zaidi ya kumi kabla halijafungiwa vitumbua. Miezi ya intavyuu inakuja tena. Naomba mtenge kona ndogo kwenye ukurasa wa elimu, vitenzi vitano kila wiki, Kiingereza na Kiswahili chake na mchoro wa mtu anayefanya hilo tendo. Hata kama ni mchoro wa kalamu tu. Anzeni na look.

Mama Ntilie,
Msamvu, Morogoro