Anayekwenda Ujerumani aelezwe girocard kabla ya kupanda ndege

Mhariri,

Tangu Kenya na Ujerumani zitiane saini mkataba wa wafanyakazi mjini Berlin mnamo Septemba 2024, ndugu zetu walioko nyumbani hutuuliza habari za viza, cheti cha Kijerumani na zile euro 11,904 za akaunti iliyozuiliwa ambazo mwanafunzi hutakiwa kuzionyesha. Ni maswali ya haki. Lakini mtu akishafika, viza si tatizo lake tena. Tatizo ni mashine ya kulipia dukani. Mfukoni ana kadi ya Visa yenye pesa za kutosha, na keshia wa duka la mikate anatikisa kichwa: "Nur EC," yaani EC pekee. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze hiyo EC ni nini, maana mawakala wa ajira hawaigusi.

EC ni jina lililobaki kutoka enzi za hundi za eurocheque, ambazo dhamana yake ilikoma mwisho wa 2001. Mwaka 2007 mabenki yaliipa kadi hiyo jina la girocard, ila mitaani jina la zamani ndilo linalotawala. Girocard si benki, na wala haimilikiwi na benki moja. Ni mtandao wa malipo wa mabenki ya Ujerumani kwa pamoja, chini ya umoja wao uitwao Deutsche Kreditwirtschaft, na kadi zilizoko mikononi mwa watu ni karibu milioni 100. Unafanya kazi ndani ya Ujerumani tu.

Mwenye duka dogo anaipenda kwa sababu ya makato. Hadi 2014 alikatwa asilimia 0.3 ya kila malipo, na si chini ya senti 8. Mamlaka ya ushindani, Bundeskartellamt, ilipoingilia kati, bei ikawa ya kujadiliana, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2015 ikaweka dari ya asilimia 0.2 kwa fungu linalokwenda kwa benki ya mwenye kadi. Visa na Mastercard za debit, zinazokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti, nazo ziko chini ya dari hiyo, lakini juu yake kuna ada za mtandao na za kampuni inayompa mwenye duka mashine. Ndiyo maana kinyozi, duka la mikate na hata baadhi ya ofisi za serikali hupokea girocard au pesa taslimu, basi.

Kwa hiyo siku ya kufungua akaunti, uliza waziwazi kama utapewa girocard. Benki nyingi za mtandaoni hutoa Visa au Mastercard ya debit bure, na girocard huwa ya kuombwa, mara nyingi kwa ada ya kila mwezi. Mgeni huona kadi moja yatosha, hasa akiambiwa ya pili inalipiwa. Mtu wa mji mkubwa anayenunua kwenye maduka ya minyororo, yale yenye matawi mengi, pekee ataponea. Aliyepangiwa kazi kwenye nyumba ya wazee katika mji mdogo asijaribu.

Akaunti yenyewe ni haki. Tangu Juni 2016 sheria inaitaka benki impe akaunti ya msingi, Basiskonto, kila mtu anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya, wakiwemo waomba hifadhi na wale ambao kuondolewa kwao nchini kumeahirishwa tu. Benki ina siku 10 za kazi kukamilisha jambo hilo. Ikikukatalia, andika kwa BaFin, msimamizi wa mabenki. Ila usitarajie akaunti hii ikuruhusu kwenda chini ya sifuri.

Kadi huja kwa posta, na namba ya siri huja kwa barua nyingine, siku nyingine. Hapa wageni wengi hukwama kwa jambo dogo mno. Nyumba za Ujerumani kwa kawaida hazina namba za vyumba; tarishi husoma majina yaliyobandikwa kwenye masanduku ya barua pale mlangoni. Kama umepanga chumba kwa mtu na jina lako halimo, barua inarudi ilikotoka, na benki inaweza kudhani anwani uliyotoa ni ya uongo. Chukua kipande cha karatasi na gundi, andika jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, bandika chini ya jina la mwenye nyumba. Fanya hivyo kabla hujaomba akaunti.

Sasa dukani. Kadi hiyo moja hulipa kwa njia tatu, na ni muhimu kujua ni ipi imetumika, kwa sababu kila moja ina ajali zake.

Ya kwanza ni kugusisha kadi kwenye mashine. Hadi euro 50 kwa kawaida huulizwi namba ya siri. Lakini kila baada ya muda mashine itaitaka hata kwa chupa ya maji ya euro moja, kwa kuwa sheria za Ulaya zinataka uthibitisho baada ya malipo matano mfululizo ya kugusisha au jumla ya euro 150. Si hitilafu, wala hakuna aliyekuchezea kadi.

Ya pili ni kuingiza kadi na kubonyeza namba ya siri, kisha kitufe cha kijani. Cha njano hufuta tarakimu uliyokosea na chekundu huvunja malipo yote. Mashine hupeleka swali hadi benki yako: kadi ni halali, namba ni sahihi, pesa ipo? Benki ikikubali, mwenye duka ana hakika ya kulipwa. Usiichomoe kadi kabla mashine haijasema "Karte entnehmen", yaani toa kadi. Ukiwahi, malipo yanakatika na unaanza upya huku foleni ikikutazama. Ukikosea namba mara tatu mfululizo, namba inafungwa, na kwa benki nyingi dawa yake ni kusubiri barua nyingine.

Waliozoea M-Pesa wajue hivi: usisubiri ujumbe kwenye simu. Benki nyingine huarifu kupitia programu yao, nyingine hazina habari. Malipo ya Jumamosi yanaweza kuandikwa kwenye akaunti Jumatatu au Jumanne. Salio unaloliona Jumapili jioni huenda si lako lote.

Njia ya tatu ndiyo iliyotusukuma kuandika. Kuna maduka ambamo mashine haikuombi namba ya siri kabisa. Inatoa karatasi, keshia anakupa kalamu, unatia saini. Watu hudhani hiyo ni risiti. Soma: pale juu ya mstari wa saini, au nyuma ya karatasi, pana maandishi madogo yaliyobanana, na neno la kutafuta ni Lastschrift. Maana yake duka limesoma namba ya akaunti yako kutoka kwenye kadi, nawe umeliruhusu likaivute pesa hiyo lenyewe siku moja au chache baadaye. Mara nyingi umeiruhusu pia benki ilipatie duka jina na anwani yako iwapo pesa haitapatikana.

Katika njia hii benki haikuulizwa kitu. Kama akaunti ina euro 12 na umenunua vitu vya euro 40, mashine haitakataa. Utatoka na mfuko wako ukiamini umelipa. Duka likija kuvuta, benki inarudisha ombi, na duka linakabidhi deni kwa kampuni ya kukusanya madeni. Barua inayokuja ni ya zile euro 40, gharama ya ombi lililorudishwa, na ada ya wakusanyaji. Aliyehama bila kubandika jina kwenye sanduku jipya haioni barua ya kwanza wala ya pili, na deni linapanda.

Duka linafanya hivi kwa kuwa ni rahisi kwake kuliko njia ya namba ya siri. Linabeba hatari ya kutolipwa ili liokoe makato. Si wizi na sheria inaruhusu. Kinachotukera ni kwamba mteja haambiwi kwa sauti, na mteja asiyesoma Kijerumani ndiye wa mwisho kujua. Ukihisi akaunti iko chini, mwambie keshia kabla hajaanza: "Bitte mit PIN," yaani tafadhali kwa namba ya siri. Baadhi ya mashine zitakubali, nyingine zimepangwa zichague zenyewe, hapo lipa taslimu.

Suala hilo hilo la saini ndilo linalowaponza waliopoteza kadi. Kila mtu hufundishwa namba ya kufunga kadi, 116 116, ambayo ndani ya Ujerumani ni ya bure. Ukiwa nje unatanguliza +49. Piga mara moja ukiwa na IBAN, namba ya akaunti yako, mkononi, nao watakuunganisha na benki. Tangu dakika hiyo, malipo ya namba ya siri na ATM yanazimwa. Lakini mwizi anayeghushi saini bado anaweza kununua, kwa sababu njia ya tatu haipiti benki wakati wa kulipa. Kizuizi chake ni kingine: nenda polisi, toa taarifa ya kadi, na uombe iingizwe kwenye KUNO, mfumo ambao polisi hutumia kuyaarifu maduka. Ni bure. Watakuuliza namba ya mfuatano ya kadi, Kartenfolgenummer, inayotofautisha kadi yako ya sasa na ile ya kabla yake. Usipoiona popote, benki itakupa. Iandike leo mahali pengine, si kwenye pochi.

Kuhusu fidia, matumizi yaliyofanyika kabla hujatoa taarifa yanaweza kukugharimu hadi euro 50. Baada ya taarifa hudaiwi. Ila ukiwa umeandika namba ya siri kwenye kadi yenyewe, hiyo ni uzembe mkubwa na benki inaweza kukuachia hasara yote. Pesa iliyovutwa bila ruhusa yako kabisa unaweza kuidai irudishwe ndani ya miezi 13. Ile uliyoiruhusu una wiki 8 za kuirudisha, lakini kama ulinunua kitu kweli, deni la duka halifutiki.

Kutoa taslimu hakuhitaji maneno mengi. ATM zimegawanyika kwa koo za mabenki: Sparkasse peke yao, Volksbank na wenzao, Cash Group yenye Deutsche Bank, Commerzbank, HypoVereinsbank na Postbank, na Cashpool ya benki nyingine. Ukiwa ndani ya kundi lako hukatwi. Ukivuka unakatwa euro kadhaa, na mashine lazima ikuonyeshe kiasi kabla hujakubali. Kimbilio bora ni duka la vyakula. Minyororo mingi hukupa hadi euro 200 kwenye kaunta ukilipa kwa girocard na namba ya siri, mara nyingi kwa sharti la kununua bidhaa za euro 10. Mwambie keshia kiasi unachotaka kabla hajafunga hesabu.

Mashine za sigara barabarani nazo huidai kadi hiyo, hata kama unalipa kwa sarafu, zipate kujua kama umetimiza miaka 18. Hilo litamhusu anayevuta.

Nje ya mipaka girocard tupu ni plastiki. Zamani ilibebwa na Maestro, mtandao wa kimataifa wa kampuni ya Mastercard, lakini kampuni hiyo iliacha kuruhusu kadi mpya za Maestro kuanzia 1 Julai 2023. Zilizotoka kabla ya hapo zinaendelea hadi muda wake uishe. Anayekuja likizo Mombasa au Dar es Salaam aangalie mbele na nyuma ya kadi. Asipoona Visa, Mastercard au Maestro, haitatoa hata shilingi. Kwenye maduka ya mtandaoni pia haipokelewi kwa kawaida, na wakodishaji wa magari huikataa kama dhamana. Kutuma pesa nyumbani, programu nyingi zitataka kadi ya Visa au Mastercard, au uhamisho kutoka IBAN yako yenye herufi na tarakimu 22. Chagua uhamisho: tangu 9 Oktoba 2025 mabenki ya nchi za euro yanalazimika kutoa uhamisho wa papo hapo, unaofika ndani ya sekunde 10, bila kutoza zaidi ya ule wa kawaida.

Na kuna siku mtandao wenyewe unalala. Mei 24, 2022 mashine za aina ya Verifone H5000 ziligoma nchi nzima kwa kasoro ya programu, na zilihitaji kurekebishwa duka kwa duka. Katika baadhi ya maduka makubwa kadi hazikupokelewa kwa siku kadhaa. Mabenki yalikuwa mazima na pesa zilikuwepo, ila kati ya kadi na benki hapakupitika. Wenyeji hawakushangaa sana, maana Mjerumani wa kawaida bado hutembea na noti. Mgeni naye aweke euro 50 nyumbani zisizoguswa.

Ombi letu kwa mawakala wanaoandaa wauguzi na vijana wa mafunzo ya kazi ni ukurasa mmoja tu katika yale makaratasi yao mengi: omba girocard, bandika jina kwenye sanduku la barua, jisajili anwani ndani ya wiki mbili za kuhamia, soma karatasi kabla ya kutia saini, na kadi ikipotea piga 116 116 kisha nenda polisi kwa ajili ya KUNO. Kama gazeti lako lina nafasi kwenye kurasa za ajira, tuko tayari kuuandaa bila malipo.

Wasomaji wako,
Hamburg, Ujerumani