Halmashauri ikivunjwa, majalada yanakwenda wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu aliyedai kwamba kuvunja au kugawa halmashauri ni kubadilisha kibao cha getini tu. Mimi ni mstaafu wa masjala, ofisi ya kutunza majalada, na ninakataa.

Atazame Radnor, eneo la mashamba na kondoo huko Wales, mpakani na England. Tangu karne ya 16 ilikuwa kaunti kamili. Aprili 1, 1974 kaunti zote 13 za zamani za Wales zilifutwa, zikaundwa 8, nayo Radnor ikashushwa kuwa wilaya ndani ya kaunti mpya ya Powys, pamoja na jirani zake Brecknock na Montgomery. Miaka 22 baadaye, Aprili 1, 1996, wilaya zote 37 za Wales nazo zikafutwa. Powys ikabaki bila wilaya chini yake, ikitawala karibu robo ya ardhi ya Wales.

Ila jambo moja watu wa Radnor walibahatika. Ofisi za Radnor zilikuwa Llandrindod Wells, na Powys nayo ina makao yake hapohapo. Kumbukumbu za zamani zinatunzwa katika mji uleule.

Sisi je? Mwaka huohuo 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, ikaja Tume ya Jiji kushika nafasi yake. Mwaka 2000 Halmashauri ya Jiji ikarudi, zikaja na manispaa za Ilala, Temeke na Kinondoni, baadaye zikamegwa Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Jiji likavunjwa tena, hadhi ikapewa Ilala. Kila mara majalada yanafungwa kamba na kupakiwa.

Nimewahi kupokea jalada la kiwanja likiwa ndani ya kiroba. Folio (karatasi zenye namba) 14 hadi 19 hazimo, jalada limeliwa na mchwa pembeni, na barua ya mwisho imesainiwa “Kny:”, yaani kwa niaba ya, Mkurugenzi wa halmashauri iliyokwisha kufa. Jirani yangu naye, kiwanja chake kilivuka mpaka wa halmashauri bila kusogea hata hatua moja. Hadi leo anaambiwa njoo kesho, na ofisi ya pili inamrudisha ya kwanza.

Ombi langu kwa wahusika: kabla tangazo la kuvunja halijatoka kwenye Gazeti la Serikali, orodha ya majalada iandikwe, isainiwe na anayekabidhi na anayekabidhiwa, na nakala ibandikwe kwa mtendaji wa kila mtaa.

Karani mstaafu,
Tandika, Dar es Salaam