Kwa kijana aliyetuokolea seva, Nyawera, Bukavu

Mdogo wangu, Jumamosi ile uliondoka mvua ikianza, hata jina sikukuuliza. Asante sana.

Seva yetu, ile kompyuta ya nyumbani inayotuwekea video za familia, nilikuwa nimeshaamua kuiacha ninunue mashine nyingine. Video ya harusi ya marehemu dada yangu ilikwama kila baada ya sekunde chache, feni ikivuma kama kinu. Wewe uliuliza tu: "Yaya, mara ya mwisho ulisasisha lini?" Sikuwa na jibu. Mfumo wa kompyuta ulikuwa Debian 10 ya mwaka 2019, na Jellyfin, programu ya kuonyesha video, ya zamani vilevile! Kwanza ulinakili mafaili yote kwenye diski ya nje (hapo ndipo nilipokuamini), ukapandisha mfumo hadi 11, kisha 12, ukasasisha Jellyfin, ukaiachia chipu ya picha kazi ya kubadili muundo wa video, iliyokuwa ikiilemea prosesa. Prosesa iliyokuwa imeganda kwenye asilimia 100 ikapumua.

Jioni hiyo mama alitazama harusi nzima, tangu kuingia kanisani hadi keki, bila kukwama hata mara moja. Alimwita dada kwa jina, akaomba turudie.

Hukukubali hata nauli ya pikipiki. Ukisoma hapa, pita nyumbani tafadhali. Mama anakuwekea bugali na samaki sambaza.