Waliomo kwenye daftari langu si maskini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyeandika kwamba wenye kipato kidogo hawasogei kwa sababu hawana nidhamu ya fedha, kwamba hela yao inaishia kwenye vocha, soda, saluni na bodaboda, halafu wanalalamika maisha magumu. Nina duka la rejareja Pasua, hapa Moshi mjini. Hela za watu zinavyoingia sizijui sana, lakini zinavyotoka naziona tangu saa kumi na mbili asubuhi ninapofungua mpaka usiku ninapofunga, na ninachokiona mimi ni kingine kabisa.

Nianze na daftari la madeni, ambalo kila mwenye duka mtaani analo, apende asipende. Msomaji wetu akifunua la kwangu atategemea kukuta mama wauza ndizi, wasukuma mikokoteni na vibarua wa saiti. Wamo, ila wachache, na madeni yao ni ya kiberiti na unga wa jioni, wengi wanalipa kesho yake. Kurasa zilizojaa ni za watu wenye mshahara: walimu, karani wa ofisi ya serikali, muuguzi, dereva wa watalii. Wanaanza kukopa mwezi ukifika katikati, mshahara ukitoka wanalipa, wiki mbili hazijaisha wako tena dirishani. Muuza ndizi ananunua sukari robo kwa taslimu. Mwalimu anabeba kilo mbili na kuniambia, "Manka, niandikie." (Ananiita Manka, kama binti wa Kichaga, pamoja na mvi zote hizi, basi.)

Mwalimu huyo si mlevi wala mcheza kamari, na kwa mahesabu ananizidi mbali. Shida yake ni kwamba shilingi ikimfikia mkononi ina mwenyewe tayari. Ndiyo maana naona tunajadili kitu kisicho chenyewe tunapouliza mtu anapata kiasi gani. Tuulize kiasi gani hakijaahidiwa kwa mtu. Hicho ndicho kinachoamua leo nyumbani kunaliwa nini, mtoto anavaa nini na kama kuna soda au hakuna.

Mei Mosi ya 2025, pale Singida, Rais Samia alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Sisi wa maduka tulishangilia kuliko watumishi wenyewe. Jirani yangu wa duka la kona akajaza stoo viroba vya sembe. Nikamwambia, kaka, mtu hali ugali mara mbili kwa sababu amepandishiwa mshahara. Hilo sikulibuni mimi. Nilipokuwa nachukua cheti pale chuo cha ushirika, mwalimu wetu alitufundisha habari za mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel (si yule Engels rafiki yake Marx, tafadhali), ambaye mwaka 1857 alichambua matumizi ya familia za Ubelgiji akaona kwamba kaya ikiwa fukara, chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa zaidi ya kipato, na kipato kikipanda sehemu hiyo inapungua. Haina maana kwamba mtu anakula kidogo. Anakula vizuri zaidi, lakini zile zinazobaki zinakwenda kwingine.

Na ndivyo ilivyokuwa dukani kwangu. Sembe ilitoka vilevile. Kilichoongezeka kuanzia Agosti ni mayai, maziwa ya pakiti, siagi, sabuni ya kufulia ya unga badala ya mche, na pampasi. Mama mmoja, karani wa serikali, aliyekuwa ananunua mafuta ya kupima alianza kuchukua chupa ya lita nzima. Wale wenye akili ya biashara wataelewa raha niliyoipata, na pia wataelewa kwamba lita nzima inampunguzia yeye gharama. Sukari kwangu kilo ni 3,000 na robo ni 800. Anayenunua robo nne kwa siku nne analipa 3,200. Anayekosa hela ya kununulia kilo ndiye anayeinunua kwa bei ya juu, na hiyo nayo mtu aniambie ni nidhamu gani itakayoiondoa.

Raha yangu haikudumu. Kufikia Oktoba yule karani alikuwa amerudi kwenye mafuta ya kupima, na kwenye daftari. Nikamuuliza kiutani zile nyongeza zimekwenda wapi, akanichorea hesabu nyuma ya risiti. Kwenye 500,000 anakatwa asilimia 5 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, 25,000. Bima ya afya asilimia 3, 15,000. Kodi ya mshahara, kwa kuwa 270,000 za mwanzo hazikatwi, inakuja 16,400. Anabaki na 443,600. Mshahara wa zamani kwa hesabu hiyohiyo ulikuwa ukimfikia kama 334,000. Kwa hiyo kati ya zile 130,000 za kwenye taarifa ya habari, zilizomgusa ni karibu 110,000. Si haba. Ila akaendelea kuchora. Mshahara ulipopanda, na uwezo wake wa kukopa benki ukapanda, kwa sababu kanuni ni kwamba mtumishi akishakatwa kila kitu abaki na angalau theluthi moja ya mshahara. Akachukua mkopo wa kumalizia kiwanja, na nyongeza yote ikahamia kwenye rejesho kabla haijazoea mfuko wake. Waliosoma chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi hali yao ni nzito zaidi, hao asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakwenda kwanza.

Simlaumu kwa kiwanja, afadhali kiwanja. Ninachosema ni kwamba ziada ikishafanywa ahadi haihesabiki tena kuwa ziada. Na kwa huku kwetu ahadi kubwa kuliko zote ni shule. Serikali iliondoa ada mpaka kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Ungedhani kaya zingepumua. Zilipumua kidogo, kisha familia yenye kanafasi ikamhamishia mtoto shule ya kulipia, hizi za Kiingereza, zenye basi la njano na sweta lenye nembo. Mwaka wa kwanza ni uchaguzi. Mwaka wa pili ni sheria, kwa sababu hakuna mzazi wa Kichaga atakayemrudisha mtoto shule ya kata huku majirani wanaangalia. Mdogo wake naye lazima aende, maana huwezi kubagua. Hapo ndipo unapomkuta mtu ana mshahara wa milioni moja na anataka nimwandikie nusu trei ya mayai. Soda aliiacha siku nyingi. Msomaji wetu amshauri apunguze nini?

Jumamosi jioni mafundi ujenzi wanalipwa. Mke wa fundi mmoja huja na elfu kumi au kumi na tano, na orodha iko kichwani: unga, maharage, mafuta, sabuni, chumvi, vocha ya umeme wa LUKU ambayo kodi ya jengo imo humohumo. Anataja kimoja kimoja, mimi naweka kaunta. Akimaliza nampa chenji. Wiki nzuri inabaki kama elfu mbili. Hapo ananyamaza, hela iko kiganjani, macho yanatembea rafuni: biskuti, majani ya chai yenye tangawizi, mafuta ya kupaka ya mtoto, yale ya chupa. Sijawahi kuona mtu wa benki akichambua uwekezaji kwa umakini kama ule. Mara nyingi anachukua mafuta ya mtoto. Siku moja alichukua biskuti na soda mbili, akaniambia leo na sisi tuwe watu. Basi hizo soda mbili ndizo msomaji wetu anazoziita ukosefu wa nidhamu.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa fedha wa redioni hawaligusi, nalo ni hela inavyokuja. Mama mkwe wangu yuko Kibosho, ana kahawa. Enzi zao hela ya kahawa ilipitia chama cha msingi, ikaenda mpaka KNCU, ushirika ulioanzishwa mwaka 1933, na mkulima alilipwa malipo ya kwanza, kisha akangojea ya pili. Ilikuja kwa fungu, mara moja au mbili kwa mwaka. Hela ya namna hiyo ilijenga nyumba za bati na kusomesha watoto, kwa sababu fungu linatosha bati. Elfu tatu ya kila siku haitoshi bati hata moja, inatosha maandazi. Mpe muuza ndizi wangu mapato yaleyale ya mwaka kwa mkupuo mmoja uone kama hatanunua bati.

Muuza ndizi mwenyewe analijua hilo, ndiyo maana yuko kwenye kikoba. Wanakutana kila wiki, wananunua hisa, Desemba wanavunja. Godoro la wanawe lilitoka hapo, mtungi wa gesi wa kilo 15 ulitoka hapo. Wanaume huwa wanacheka, kwamba kwa nini usiweke mwenyewe kwenye simu. Hela iliyoko kwenye simu ina ndugu. Shemeji anaumwa, mjomba amefiwa, mtoto wa dada anatakiwa alipe mchango wa mtihani, na ukiwa nayo huwezi kusema huna. Ikiwa kwenye kisanduku chenye kufuli tatu na funguo ziko kwa wanawake watatu, unasema huna na ni kweli.

Saluni niipitie haraka. Wasichana wengi wanaosuka hapa mtaani wanafanya kazi hotelini na kwenye migahawa ya watalii, na hakuna meneja atakayemweka mapokezi mtu mwenye kichwa kilichofumuka. Bando kadhalika: dereva wa boda bila simu hewani hana abiria. Ila kwenye kamari namwunga mkono msomaji wetu kwa mikono miwili. Zile mashine za kuchezea sarafu zimenimalizia sarafu za 200 mtaani mpaka natoa chenji ya pipi, na vijana wanaosimama pale ni walewale ambao mama zao nawapimia mafuta. Na mikeka ya simu ni mibaya zaidi kwa kuwa haionekani. Hapo aandike kila wiki, nitamsoma.

Lakini kwingineko ningeomba ukurasa wako wa fedha uache kutuhesabia soda. Utuandikie kuhusu yale maamuzi yanayofanywa mara moja na kulipwa miaka kumi: mtu akitaka kumpeleka mtoto shule ya kulipia apige vipi hesabu ya watoto watatu mpaka kidato cha nne, si ya mtoto mmoja mpaka Desemba. Mkopo wa mshahara unamlipisha jumla ya shilingi ngapi mpaka unaisha. Haya ndiyo yanayoamua, na huyo karani hakuna aliyemwonyesha jumla hiyo kabla hajasaini.

Na michango, Mhariri. Huku kwetu tangu Oktoba mtu hapumui: kipaimara, komunyo, sendofu, harusi, na ndugu wa Dar es Salaam wanakuja kula Krismasi wakiwa na bei zao, mbuzi hashikiki. Kadi ya mtu mmoja 50,000, ya wawili 100,000, na ukituma pungufu jina lako linasomwa kundini na kiasi chake. Sisemi tuache, mimi mwenyewe wanangu waliolewa kwa michango ya watu. Ninawaomba wenye shughuli za mwisho wa mwaka watoe kadi kuanzia Machi au Aprili na wapokee kidogo kidogo, mtu alipe elfu tano tano kama anavyolipa hisa. Kadi inayoletwa wiki tatu kabla ya sherehe hailipwi na ziada ya mtu yeyote. Inalipwa na sukari na mafuta ya kwenye daftari langu, kwa hiyo kwa kweli nachangia mimi, na kwenye kadi jina si langu.

Nimeshamweleza hivyo mwenyekiti wa kamati moja hapa mtaani. Ameniambia hoja ni nzuri, ataipeleka kikaoni, na akaniandikia ahadi ya laki moja ambayo sijaitamka.

Mama Duka,
Pasua, Moshi