Geuzeni pambo kabla ya kumtaja Sultani

Mhariri,

Ukiwasikiliza baadhi ya wauza vitu vya kale wa Arusha na Moshi, utadhani Sultani wa Zanzibar alihamia Kilimanjaro na masanduku yake yote. Kila pambo la fedha lenye alama ya mwezi mchanga linaitwa la Sultani, bei inapaa, na mtalii anaondoka nalo akiwa ameridhika. Mimi ni sonara hapa Moshi tangu ujana wangu, kwanza kwa Mhindi aliyenifundisha kulehemu, kisha kwenye meza yangu mwenyewe. Naomba nafasi niseme, maana mchezo huu sasa unawafikia wenye mali.

Hivi karibuni alinijia mama mmoja wa Old Moshi na pini ya kifuani aliyoachiwa na marehemu bibi yake. Mbele ina nakshi ya majani na kijiwe chekundu katikati. Nyuma, kando ya sindano, kuna chapa ndogo ambazo bila kioo cha kukuzia huzioni: mwezi mchanga, taji, na namba 800. Alikuwa amekwishapita duka moja Arusha. Huko aliambiwa mwezi ni Uislamu, taji ni ufalme, kwa hiyo ni Zanzibar. Na 800 eti ni hesabu ya mapambo yaliyotengenezwa kwa ajili ya jumba la Sultani. Kisha akatajiwa bei, tena ya haraka haraka.

"Mzee, kwetu ni Walutheri tangu enzi za babu," akaniambia. "Hiki cha Sultani kilitufikiaje?"

Swali lake lilikuwa na akili kuliko maelezo yote aliyopewa dukani. Mwezi na taji, vikiwa pamoja na namba ya namna hiyo, ni chapa ya fedha ya Ujerumani. Iliwekwa na sheria yao ya mwaka 1884, ikaanza kutumika 1888, kwa vitu vyenye fedha halisi sehemu 800 au zaidi katika kila 1000. Zilizobaki kwa kawaida ni shaba, ili kitu kiwe kigumu. Dhahabu nayo wakaipa taji ndani ya duara la jua. Na huyo Sultani anayesingiziwa, bendera yake ilikuwa nyekundu tupu, haina mwezi wala nyota!

Kwa hiyo pini ile haiwezi kuwa ya kabla ya 1888. Lakini chapa hiyo Wajerumani wanaitumia hadi leo, hivyo peke yake haitoshi kusema kitu ni cha zamani kiasi gani. Hapo mimi huangalia kishikio cha sindano. Hiki kilikuwa kindoano kitupu, hakina kifungo cha kuzungusha kama pini za baadaye, na hilo linanielekeza kwenye miaka ya mwanzo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na walowezi na maofisa wa Kijerumani nao walikuwapo, hadi Waingereza walipoichukua Moshi mwaka 1916. Nani kati yao aliyekuja na pini hii, chuma hakisemi. Nilimuuliza mama bibi yake alikuwa nani. Akasema alipokuwa msichana alijifunza kushona kwa mke wa mchungaji Mzungu. Hilo liandikwe, mama, nikamwambia, na liandikwe leo.

Alama za Waingereza nazo zina vituko vyake. Familia moja iliniletea kijiko chenye simba anayetembea na nanga, ikiamini kabisa kwamba babu yao alikuwa baharia. Simba ni kiwango cha fedha, sehemu 925. Nanga ni alama ya ofisi ya kupima ubora wa fedha ya Birmingham, mji ambao hauna bahari hata ya kuchovya mguu. Kingekuwa na kichwa cha chui ningewaambia London. Na mkikuta herufi EPNS, msifurahi mapema: ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha juu juu.

Linalonisumbua zaidi ni reale, ile sarafu kubwa yenye uso wa Maria Theresa wa Austria, ambayo wanawake wa Pwani waliivaa kwenye vidani. Imeandikwa 1780, basi muuzaji anaapa kwamba kidani ni cha 1780. Malkia yule alifariki mwaka huohuo, na sarafu zikaendelea kupigwa kwa tarehe ileile, hata London na Bombay katika karne ya 20. Sura ni ya Austria, lakini kidani kinaweza kuwa cha Lamu, Yemen au Ethiopia. Pale kipete kilipolehemiwa juu ya sarafu, na namna mkufu ulivyosukwa, ndipo utakapomwona fundi. Malkia hana habari.

Ombi langu kwa wenye mapambo ya mabibi: msikubali mtu akimwagie tindikali au akipige msasa kitu mgongoni "ili aone kama ni fedha". Nimepokea pini ambazo chapa zimefutika kabisa kwa mtindo huo, na hapo hata mimi sina la kusema. Pigeni picha mbele na nyuma, andikeni jina la aliyekivaa na kijiji chake, ndipo mzungumze bei mkitaka kuuza. Wanunuzi nao wakumbuke kuwa kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na si kila kitu cha kale kinatoka nchini bila kibali.

Nawe Mhariri, mkichapisha picha ya pambo la kale, tafadhali wekeni na mgongo wake. Masonara tuliobaki tutawaandikia tunachokiona.

Sonara mzee,
Moshi